Kola ya Dani Benta

Kama uliwahi kupita Uriri miaka ile ya tisini na kitu, bila shaka ulituona. Tulijaa kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mama Bosibori, kila mtu na kigoda chake, wazee kwa watoto, tumepangwa kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi kama watu wanaongoja chanjo.

Hatukuwa shule. Shule ina mwalimu na kengele, sisi tulikuwa na mstari tu. Aliye mbele yako anakufundisha, nawe unamfundisha aliye nyuma yako, basi. Kule kwenye ngazi walikaa wa kutunga uzi. Wakafuata wa vifungo, wa pindo, wa mikono ya shati, na mlangoni kabisa, penye ile cherehani nzuri, alikaa anayejua kola. Umri haukuulizwa. Mzee Nyamhanga, Mkuria mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alifundishwa vifungo na mtoto wa darasa la tatu, na mtoto akimkemea aliinamisha kichwa akafumua. Tuliongea Kiswahili kwa sababu Mama Bosibori alikuwa Mkisii, Nyamhanga Mkuria, na wengi wetu Wajaluo, na kila mmoja alikivunjavunja kwa namna ya kwao.

Mimi, Dorine, ndiye niliyekuwa mlangoni. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yangu, na nilipachukia.

Kanuni ya mlangoni ilijulikana na wote. Hutoki mpaka uache mtu anayejua unachojua wewe. Ukishamwacha, Mama Bosibori anakukabidhi mkasi mpya mbele ya watu, unainua kigoda chako, nafasi yako inachukuliwa na uliyemfundisha. Wenzangu walionitangulia walitoka hivyo, wakacheka na kulia, wakaenda zao Kisii, Rongo, Migori mjini. Mmoja wao, Priscah, alifungua chumba cha kushona sare Homa Bay, karibu na gati. Huyo alikuwa amenitumia habari mara mbili kwamba ananitaka. Ila yeye, kwa kuwa alitoka veranda ile ile, hakumpokea mtu asiye na mkasi. Alisema mkasi ule haudanganyi.

Na kama ningeamka tu siku moja nikaenda zangu? Nilifikiria, sikatai. Lakini mama yangu, Pauline, naye alikuwa mstarini, amefika kwenye pindo baada ya kuhangaika sana, na aibu ya mtu aliyetoroka iliwashukia ndugu zake. Mama angerudishwa kwenye ngazi akatunge uzi na watoto. Nilimtazama akikunja pindo kwa ulimi nje, jinsi alivyofurahi lilipokaa sawa, na nilijua sitaweza kumfanyia hivyo. Basi nikabaki. Kila siku nilikaa pale nikiyatazama magari ya Homa Bay yakisimama mbele ya duka, yakipakia watu wengine.

Kilichonifunga ni mtu mmoja. Nyuma yangu alikaa Dani Benta; dani kwetu Wajaluo ni nyanya.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu ambavyo ungedhani viliumbwa kwa kazi ya sindano. Mikono ya shati aliijua upesi kuliko mimi. Pindo lake lilinyooka hata usingeona uzi. Ilipofika kola, akawa jiwe. Nilimwonyesha asubuhi, nikamwonyesha jioni, nikamshika vidole. Akaitikia, "Ee, nyathina, mwanangu, nimeona." Halafu, siku ya jaribio, akaharibu.

Jaribio letu lilikuwa na vituko vyake. Anayefundisha husimama kando, mikono nyuma, na mdomoni amejaza maji, ili asije akamsaidia mtu wake kwa neno. Ukimeza umeshindwa. Ukitema umeshindwa. Watoto walilipenda jambo hilo, walikuja kunichekesha kwa makusudi, wakinipepesea macho na kutoa ndimi. Mimi nilisimama pale mashavu yamenivimba, nikamtazama Dani Benta akikata vizuri, akishona vizuri, akifika mahali pa kuipachika kola shingoni. Hapo ndipo alipoigeuza. Kila mara pale pale. Aliiweka upande wa ndani nje, akapitisha cherehani, na shati likainuliwa likiwa na mshono umekaa juu ya shingo, watu wote wanauona. Mama Bosibori alitikisa kichwa, na mstari ukarudi kazini. Mara moja niliyatema yale maji yote kwenye sakafu kwa hasira na kuingia dukani kulia kati ya majora ya vitambaa.

"Huyu mama ni mzee," mama yangu aliniambia. "Mvumilie."

"Na mimi nitazeeka nikimvumilia," nikamjibu.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kumi na moja, Priscah alituma habari ya tatu. Safari hii aliyeileta, mwanamke wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliisema bila kupindisha: shule zikifunguliwa Januari, Priscah atahitaji mtu wa kola kwa ajili ya sare. Kama Dorine hajafika Krismasi, atamchukua msichana mwingine, na chumba chake hakina nafasi ya wawili. Nilimshukuru, nikanunua omena nisiyoihitaji, nikarudi kukaa. Kabla ya jioni nilikuwa nimejidunga sindano mara mbili.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mazishi upande wa Oyani, na veranda nzima ilikwenda. Mama Bosibori alifunga duka lakini cherehani ziliachwa nje zimefunikwa, maana nani angeiba cherehani mchana mbele ya soko? Tulikuwa tumefika karibu nusu ya njia mama alipokumbuka kwamba ameisahau verandani leso yake ya kujifunga. Akanituma.

Nilisikia cherehani kabla sijafika. Ilikuwa inakwenda kwa mwendo mmoja, haikatikikatiki, mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Nikadhani Mama Bosibori amerudi na fundi fulani. Nilipopinda kona nikamwona Dani Benta peke yake, amekaa kwenye kigoda changu, anashona kola.

Nikasimama nyuma ya nguzo. Aliigeuza inavyotakiwa. Aliipachika shingoni, akazungusha, akapitisha mshono wa pili, akalinyoosha shati kwenye magoti na kulipapasa. Ilikuwa kola nzuri kuliko zangu, nasema kweli. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Kisha akatoa wembe kwenye kitambaa cha kichwa, akaanza kuifumua, uzi mmoja mmoja, bila haraka, akikusanya vipande vya nyuzi kwenye kiganja ili visionekane sakafuni.

Sijawahi kukasirika namna ile.

"Dani!"

Hakushtuka sana. Aliuweka wembe chini. "Umerudi."

"Unajua! Unajua kushona hii kitu! Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo gani? Ulijua tangu jaribio ya kwanza?"

Akanionyesha kiganja chake kilichojaa nyuzi, na hilo lilikuwa jibu. Nilimwambia maneno ambayo msichana hamwambii mwanamke wa umri wa nyanya yake. Nilimwita mchawi. Nilimwambia ameninywa kama chai. Nilimwambia nitakwenda mazishini sasa hivi, nitasimama mbele ya watu wote, hata mbele ya maiti, niseme.

"Sema," akaniambia. "Lakini kaa kwanza, utaanguka."

Nikakaa kwenye kigoda chake, maana changu alikuwa amekikalia yeye.

"Nikishona hii kola mbele ya watu," akasema, "wewe unatoka, mimi nakuja hapa mlangoni. Si ni hivyo? Nyuma yangu iko Joyline. Joyline unamjua, hiyo mtoto ni moto. Wiki mbili, tatu, atajua kola. Halafu mimi nitapewa mkasi na kupigiwa vigelegele. Niende wapi?"

Akaurudisha wembe kwenye kitambaa cha kichwa.

"Wewe una Homa Bay. Wale wengine walikuwa na Rongo, na Kisii. Mimi vijana wangu wote wako kule Osiri wanachimba dhahabu, hawajakuja nyumbani tangu mvua ile nyingine. Nyumbani iko mke wa mtoto wangu, na yeye akitaka kuniambia chakula iko tayari anamtuma mtoto. Hapa watu wananiita Benta. Asubuhi nikifika wanasema, Benta amekuja. Mkinipa mkasi, nitaenda kukatia nani kitambaa? Kuku?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Joyline, msichana wa miaka kumi na minne aliyeacha shule kwa sababu ya karo, kweli alikuwa moto. Hesabu ya Dani Benta ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sote wawili tulifungiwa na mlango mmoja, yeye akiushikilia usifunguke, mimi nikiusukuma.

"Na mimi, Dani? Mimi nikae hapa mpaka ufe?"

Alinitazama usoni. "Nilikuwa nafikiria hivyo, ndiyo," akasema.

Nilichukua leso ya mama nikaenda mazishini, na sikusema. Sijui kama ilikuwa huruma. Labda niliogopa kwamba nikimtaja, watamfukuza, na nitamwona kila siku sokoni amekaa peke yake. Nilirudi kazini kesho yake nikamfundisha kola kama kawaida, mimi nikijua anajua, yeye akijua najua, na watu wakituona tunainamiana wakasema Dorine ana subira siku hizi. Subira gani! Nilikuwa nakufa ndani. Usiku nililala nikiwaza Homa Bay, ile hewa ya ziwa, chumba cha Priscah ambacho sikuwahi kukiona lakini nilikuwa nimeshakipanga akilini, cherehani hapa, dirisha pale. Asubuhi nikaamka Uriri.

Jaribio la mwisho kabla ya Krismasi lilifanyika Ijumaa, kwa sababu Mama Bosibori alikuwa Msabato, hakufanya kitu chochote Jumamosi ila kanisa. Nikajaza maji mdomoni. Nikaweka mikono nyuma. Sikuwa na tumaini lolote, nataka hilo lieleweke. Watoto walijaribu kunichekesha, wakaona uso wangu, wakaacha.

Dani Benta alikata. Akashona. Akafika shingoni, akaishika ile kola kwa vidole viwili, na cherehani ikanyamaza. Alikaa hivyo mpaka Mzee Nyamhanga akakohoa. Kisha akaigeuza inavyotakiwa.

Nilimeza yale maji yote na hakuna aliyenikataza, kwa sababu veranda ilikuwa imeshalipuka. Mama yangu alipiga vigelegele hadi watu wa soko wakaja kuuliza nani anaolewa. Mama Bosibori aliliinua shati, akalizungusha huku na huku, akaingia dukani akatoka na mkasi ndani ya karatasi ya kaki. Aliniombea kwa Kikisii, nikaitikia amina. Nilimkumbatia Dani Benta nikalia begani kwake. Nilidhani amenihurumia kama nilivyomhurumia yeye. Nilimpenda siku ile, wallahi, kuliko mtu yeyote.

"Nenda, nyathina," akasema. "Nenda upesi."

Jumatatu asubuhi nilikuwa barabarani mbele ya duka na begi langu, mkasi nimeuzungushia nguo katikati. Mama alikuwa ameniaga nyumbani kwa sababu hakutaka kulia mbele ya watu, akaenda kuchota maji. Gari la Homa Bay lilikuwa linapakia. Nilimpa makanga begi, nikageuka kuitazama veranda mara moja tu.

Dani Benta alikuwa mlangoni kwenye nafasi yangu, Joyline amekaa pembeni yake, bega kwa bega. Alikuwa anamwonyesha kola. Nilitabasamu. Kisha nikaona mikono.

Alikuwa anamfundisha vibaya. Alivishika vidole vya Joyline kwa upole, vile nilivyovishika vyake, akaigeuza kola upande wa ndani nje, akaiweka shingoni. "Hivi," midomo yake ikasema. Joyline akaitikia kwa kichwa. Joyline ambaye ukimwonyesha kitu mara moja hakisahau. Angekishika hicho, akakishona hivyo hivyo kila jaribio, na Dani Benta akasimama pembeni mdomo umejaa maji, hawezi kumsaidia kwa neno. Watu wangesema kumbe huyu mtoto si moto kama tulivyodhani. Mwisho mwenyewe angeamini.

"Dada, panda," makanga akaniambia.

Mguu wangu mmoja ulikuwa ndani. Ningeuingiza wa pili tu. Nilimwaza Priscah, nikawaza dirisha, nikawaza kwamba hayanihusu tena, nimemaliza. Halafu ile hasira ya siku ya mazishi ikanipanda yote kwa mara moja, nikamnyang'anya makanga begi langu, nikavuka barabara. Gari likaondoka.

"Mfumulie!" nilipiga kelele kabla sijafika ngazi. "Dani, mfumulie huyo mtoto! Unamfanya nini?"

Mstari mzima ukageuka. Mama Bosibori akatoka dukani na futi shingoni. Nikasema yote. Nilisema kola aliijua kitambo, nilisema wembe, nilisema siku ya mazishi. Nilisema amenifunga hapa na sasa anamfunga Joyline. Joyline aliinama kuitazama ile kola mikononi mwake, akaiachia ikaanguka. Dani Benta hakukana lolote. Aliokota kola, akaikunja, akasubiri.

Nilipomwona amekaa hivyo, anasubiri kufukuzwa, hasira yangu ikageuka njia. Nikamwelekea Mama Bosibori.

"Na hii kanuni yako, Mama! Anayejua lazima atoke. Mzee kama huyu atoke aende wapi? Unampa mkasi na unamtupa! Ndiyo maana anadanganya. Hata mimi ningedanganya!"

Mtu akavuta pumzi. Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Bosibori hivyo. Alinitazama, akamtazama Dani Benta, akaivua futi shingoni.

"Benta," akasema mwishowe, "unataka kubaki?"

"Ndiyo."

"Si ubaki?"

Dani Benta akainua kichwa.

"Hiyo kanuni niliweka kwa sababu ya wasichana," Mama Bosibori akasema. "Walikuwa wakijua kola wanakalia cherehani moja, wanajishonea nguo zao, wengine wanangoja. Nikasema, anayejua atoke. Wote walitaka kutoka! Mzee hajawahi kufika mlangoni. Benta, acha cherehani kwa mtoto akishajua, lete kigoda ukae hapa na mimi, ukate vitambaa. Macho yangu hayaoni chaki siku hizi."

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu. Hakuna mtu aliniuliza."

"Na mimi je? Kama ningekuja nikakuambia Priscah ananiita, Benta hataki kujua, mama yangu asirudishwe nyuma... ungesema nini?"

Mama Bosibori aliinua mabega. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Ungeniuliza, Dorine. Mimi nilidhani unapenda hapa."

Nilikaa kwenye ngazi, palepale kwa watu wa kutunga uzi, nikalia kwa sauti. Sikulia kwa sababu ya gari. Magari yalikuwepo, saa sita lingekuja jingine, na kweli nilipanda hilo la saa sita nikafika Homa Bay jioni. Nilizililia zile asubuhi zote. Mlango niliousukuma haukuwa umefungwa na mtu.

Dani Benta alikuja akakaa kando yangu. Alikuwa ameshamrudishia Joyline kola, imegeuzwa inavyotakiwa, na cherehani ilikuwa imeanza kulia nyuma yetu, pole pole. Alinifuta uso kwa kiganja kigumu kisichobembeleza.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa kufukuzwa," akaniambia. "Wewe ulitaka kwenda. Wewe uliogopa nini?"

Nikaliinua begi langu, nikaenda kulingojea gari la saa sita.